Gari linamisi, linatengenezwa, linarudia: kwa nini plagi mpya hazitoshi

Injini inayomisi, yaani inayoruka mwako, muda wote haimsumbui sana fundi mwenye subira. Inafika gereji ikitikisika, inapimwa ikitikisika, jibu linapatikana. Inayosumbua ni ile inayomisi asubuhi na kutulia mchana, au inayokohoa mlimani kisha ikifika gereji inanguruma kama mpya. Mwenye gari anaeleza kwa mikono na kwa sauti jinsi linavyofanya, fundi anasikiliza injini isiyo na kasoro, na hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Zinabadilishwa plagi, gari linatulia siku kadhaa. Likirudia zinabadilishwa koili (zinazozipa plagi umeme wa cheche), halafu nozeli (zinazonyunyizia mafuta), halafu mtu anaanza kuitaja kompyuta ya injini.

Nimeyaona magari yaliyopitia mlolongo huo wote, na mara nyingi kulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwa makini: linamisi lini? Watu hukimbilia kuuliza kifaa gani kimekufa. Lakini kwa gari linalomisi na kuacha, linalomisi na kuacha, wakati na hali ya kosa hueleza mengi kuliko kifaa chochote unachoweza kukishika mkononi.

Kumisi ni nini hasa

Kwenye injini ya petroli ya mapigo manne, kila silinda huvuta hewa na mafuta, huvigandamiza, huviwasha, kisha hutoa moshi. Krenkshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili ili silinda moja iwake mara moja. Gari la silinda nne likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 700 hivi kwa dakika, kila silinda inawaka karibu mara 6 kwa sekunde. Panda hadi mizunguko 3,000 na kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, injini nzima mara 100. Kumisi ni pale mwako mmoja au zaidi kati ya hiyo unaposhindwa kutokea, au unapotokea nusu nusu.

Ili mwako utokee panahitajika mambo matatu: cheche yenye nguvu ya kutosha kwa wakati wake, mchanganyiko wa hewa na mafuta ulio katika uwiano unaowaka (kwa petroli, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta), na mgandamizo. Ukisikia orodha ndefu ya sababu ishirini za gari kumisi, zote ni njia tofauti za kuharibu mojawapo ya haya matatu. Hilo linapunguza hofu. Hutafuti kitu kimoja kati ya ishirini. Kwanza unatafuta ni lipi kati ya matatu limekosekana, na limekosekana katika hali gani.

Kompyuta ya gari nayo haina jicho ndani ya silinda. Inachofanya ni kusikiliza mwendo wa krenkshafti kupitia sensa iliyo pembeni ya gurudumu lenye meno. Kila silinda ikiwaka, krenki inasukumwa kidogo na kuongeza kasi. Silinda isipowaka, msukumo huo haupo na kasi inapungua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kompyuta inajua zamu hiyo ilikuwa ya silinda ipi, inahesabu, na makosa yakizidi kiwango inawasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ni ya 2, na kuendelea. P0300 maana yake makosa yanatokea kwenye silinda zaidi ya moja bila mpangilio. Mfumo huu wa gari kujichunguza, OBD-II, ulilazimishwa kwa magari mapya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, kwa hiyo msimbo uleule unasomeka kwenye magari ya kampuni tofauti kabisa.

Tazama basi P0303 inasema nini: silinda ya 3 haikusukuma. Ni hivyo tu. Haisemi plagi, haisemi koili. Mtu anayeusoma msimbo huo kama agizo la kununua koili ya silinda ya 3 ameongeza neno ambalo kompyuta haikulitamka.

Jambo moja la haraka kabla hatujaendelea. Taa ya injini ikiwaka na kubaki, una muda wa kupanga uchunguzi. Ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ondoa mguu kwenye mafuta na usimame mahali salama mapema uwezavyo. Petroli isiyowaka inatoka kwenye silinda ikiwa mbichi, inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya kikatalisti, kile ambacho mafundi wengi hukiita masega kwa vitundu vyake. Joto hilo linaweza kuyayeyusha masega yenyewe, na yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi. Kosa la plagi moja linakuwa kosa la ekzosi.

Usifute msimbo kabla hujausoma wote

Msimbo unapohifadhiwa, kompyuta nyingi hupiga pia picha ya hali ilivyokuwa wakati huo: mizunguko ya injini, mzigo, joto la maji, mwendo wa gari, kiasi cha marekebisho ya mafuta. Skana nyingi (vifaa vya kusomea msimbo), hata zile ndogo zinazounganishwa na simu, zinaweza kuionyesha. Kwa gari linalomisi na kuacha, picha hiyo ina thamani kuliko msimbo wenyewe, kwa sababu ndiyo shahidi pekee aliyekuwapo kosa likitokea. Ukifuta msimbo "uone kama utarudi", umemfukuza shahidi. Ukichomoa betri, vilevile.

Soma, andika, ndipo uanze kufikiri. Kisha ongeza kumbukumbu zako mwenyewe: lilikuwa la baridi au la moto, tambarare au mlimani, mvua au jua, tangi limetoka kujazwa au lilikuwa linakaribia kuisha.

Mlimani: shuku cheche kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea.

Cheche huruka kati ya ncha mbili za plagi zenye mwanya ambao kwenye magari mengi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Ili iruke, koili lazima ipandishe umeme hadi maelfu mengi ya volti. Volti zinazohitajika si namba moja. Hewa ikibanwa zaidi, umeme unapata shida zaidi kupenya. Ukiwa sailensa, silinda inavuta hewa kidogo, mgandamizo wake ni mdogo, na hata koili dhaifu inaweza. Ukianza kupanda mlima kwa gia kubwa na mguu umezama kwenye mafuta, silinda inajaa hewa, shinikizo linapanda, na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Sasa chukua plagi iliyochakaa. Ncha zake zimelika, mwanya umepanuka, kwa hiyo tayari inadai volti za ziada. Ongeza mlima. Umeme unatafuta njia nyepesi zaidi, nao utaipata: kupitia ufa mwembamba kwenye kauri ya plagi, au kupitia ukuta wa mpira wa koili unaoivaa plagi hadi kwenye chuma cha hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Cheche imetokea, ila imetokea nje ya silinda. Ndiyo maana gari hilohilo likisimama gereji linanguruma bila kosa. Fundi akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mizunguko inapanda lakini mzigo haupo, na hakuna kitakachoonekana. Lazima alipeleke barabarani, alibane.

Ukichomoa plagi ya silinda inayomisi mlimani, itazame kauri yake nyeupe kwa taa kali. Mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli kutoka juu kwenda chini, ni njia ambayo umeme umeichoma ukipita pembeni. Mstari huo mara nyingi una pacha wake ndani ya mpira wa koili. Na hapa kuna siri moja ya marudio: ukiweka plagi mpya ndani ya mpira wa zamani wenye mstari huo, umeme utaendelea kuifuata njia ileile, na baada ya muda plagi mpya nayo itakuwa imechorwa. Plagi na mpira hubadilishwa pamoja, la sivyo umeacha ugonjwa nusu.

Kumisi kwenye mvua au baada ya kuosha injini ni ndugu wa kosa hilihili. Unyevu unaupa umeme njia ya pembeni ambayo kwenye ukavu haikuwapo.

Sailensa: shuku hewa

Gari linalotikisika likisimama kwenye foleni lakini likikimbia linakuwa laini lina hadithi tofauti. Mara nyingi ni hewa inayoingia bila kuhesabiwa: mpira wa vakumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi iliyokauka, valvu ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi.

Sababu ya kosa hili kujificha ukikimbia ni hesabu nyepesi. Tundu lina ukubwa uleule. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya chakula chake na mchanganyiko unakuwa mwepesi mno kuwaka vizuri. Ukifika mizunguko 2,500 injini inavuta hewa nyingi, na wizi uleule unakuwa tone ndani ya ndoo.

Skana inakuonyesha jambo hili bila kufungua chochote. Tafuta marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza. Asilimia chache juu au chini ya sifuri ni kawaida. Ukiona imeongeza 20 ikiwa sailensa, na ukishikilia mizunguko 2,500 ikarudi karibu na 4 au 5, hewa inavuja. Ikiwa kinyume chake, sailensa iko sawa lakini kadri unavyoongeza mzigo ndivyo kompyuta inavyoongeza mafuta, basi anza kuangalia pampu ya mafuta, filta, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Namba hizo mbili, za sailensa na za mizunguko 2,500, zinatenga makundi mawili ya matatizo ambayo kwa sikio yanafanana.

Kuna mtego hapa, nao umewanasa hata mafundi wazuri. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi haipimi petroli, inapima oksijeni. Silinda isipowaka kwa kukosa cheche, hewa yake yote inatoka na oksijeni yake yote. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuiambia kompyuta kuwa mafuta ni machache, wakati petroli mbichi inamwagika palepale. Kompyuta inaongeza mafuta. Skana sasa inaonyesha mchanganyiko mwepesi, na fundi anaanza kusaka uvujaji wa hewa usiokuwapo, ilhali kosa ni koili. Njia ya kutoka kwenye mtego huu ni kusoma marekebisho ya mafuta wakati gari halimisi. Kama yako sawa wakati huo, wepesi uliouona ulikuwa matokeo ya kumisi, haukuwa chanzo.

Baridi, na moto

Gari linalomisi sekunde chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, likatoa moshi mweupe, kisha likatulia, naliogopa kuliko yote. Maji ya rejeta yanaweza kuwa yanapenya kwenye gasketi ya silinda hedi usiku kucha na kulowesha plagi moja. Yakishachomwa, injini inatulia na kila mtu anasahau. Chomoa plagi zote uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda: ile iliyo safi mno kuliko wenzake, kama imeoshwa kwa mvuke, ndiyo ya kuhojiwa. Angalia pia kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanavuja wapi. Nozeli inayodondosha baada ya injini kuzimwa hutoa dalili za karibu na hizo, ila moshi wake unaelekea weusi na harufu ni ya petroli. Kwenye injini zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kuosha valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi hujijenga mgongoni mwa valvu hizo na kuleta kumisi kwa asubuhi.

Linalomisi likishapata moto lina mengine. Koili yenye waya uliolegea ndani hufanya kazi ikiwa baridi na kukatika ikitanuka. Sensa ya krenki hivyohivyo. Na valvu za moshi ambazo nafasi yake kwenye tapeti (kinachozisukuma zifunguke) imebana: zikiwa baridi zinafunga, zikipata moto zinarefuka na kubaki wazi kidogo, mgandamizo unatoroka. Ukipima mgandamizo wa gari la namna hii injini ikiwa ya baridi, utapata namba nzuri na utadanganyika. Pima ikiwa ya moto, kwa saa ileile ambayo kosa hutokea.

Lihamishe kosa

Ukishajua lini, ndipo uulize silinda ipi. Silinda moja tu, siku zote ileile: kosa ni la kwake peke yake, yaani plagi, koili, nozeli, waya au mgandamizo wake. Silinda mbili zilizopakana: gasketi ya hedi inaweza kuwa imekatika katikati yao. Ya 1 na ya 4, au ya 2 na ya 3, kwenye injini ambayo koili moja huhudumia silinda mbili: koili hiyo. Silinda zote za upande mmoja wa injini ya V: angalia vinavyohudumia upande huo pekee. Zote bila mpangilio: mafuta, hewa, au taiming, yaani mpangilio wa wakati wa valvu na cheche.

Kwa silinda moja, njia bora niijuayo haihitaji kununua chochote. Tuseme ni ya 3. Hamisha koili ya 3 uipeleke 1, na ya 1 uilete 3. Hamisha plagi ya 3 uipeleke 2, na ya 2 uilete 3. Nozeli iache mahali pake. Andika kwenye karatasi ulichofanya. Futa msimbo sasa, kwa kuwa ulishaunakili, kisha endesha gari katika hali ileile inayolifanya limisi. Msimbo ukirudi kama P0301, koili ina kosa. Ukiwa P0302, ni plagi. Ukibaki P0303, koili na plagi ziko safi, na unabaki na nozeli, nyaya na mgandamizo. Kwa gari linalomisi mara moja kwa wiki, jaribio hili linaokoa wiki nzima kwa sababu linajibu maswali mawili kwa safari moja. Kazi hii ifanywe injini imezimwa na imepoa. Usichomoe waya wa koili kwa mkono injini ikiwaka: umeme ule unaumiza watu, na unaweza kuua kompyuta.

Msimbo ukibaki palepale, shika waya wa nozeli na wa koili ya silinda hiyo injini ikiwa sailensa, uzitikise taratibu soketi zao bila kuzichomoa, huku ukisikiliza. Soketi za plastiki zilizokaa juu ya injini miaka mingi huwa ngumu kama biskuti, kile kidole cha kufungia hukatika, na mguso unakuwa wa bahati. Injini ikishtuka ukitikisa, umefika.

Kama haikushtuka, pima mgandamizo. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 130 na 200, ila kinachotafutwa zaidi ni usawa: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, kuna kitu. Weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kwa kuwa oili imeziba mwanya wao. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Ukiwa na kompresa, ingiza upepo kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha sikiliza unatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya moshi, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Nani aliua koili?

Hata ukikipata kifaa kilichokufa, bado hujamaliza. Gari langu mwenyewe liliwahi kumaliza koili mbili za silinda moja ndani ya muda mfupi. Mara zote mbili jibu lilikuwa sahihi: koili imekufa. Mara ya tatu nilishusha taa kwenye shimo la plagi na kukuta oili imejaa hadi nusu. Gasketi ya kava ya tapeti ilikuwa imekauka, oili inashuka polepole, inalainisha mpira wa koili mpaka unapoteza uwezo wa kuzuia umeme. Koili ya kwanza ilikuwa majeruhi, ya pili pia.

Plagi zilizochakaa hufanya vivyo hivyo. Mwanya uliopanuka unailazimisha koili kutoa volti za juu kila mwako, mchana kutwa, hadi kinga yake ya ndani inatoboka. Ukibadilisha koili na kuziacha plagi, umempeleka askari mpya kwenye vita ileile. Plagi bandia, au zenye kiwango cha joto kisicho cha injini hiyo, au zilizokazwa hadi kauri ikapata ufa usioonekana, zinarudisha kosa ndani ya muda mfupi, na kwa kuwa ni mpya hakuna anayezishuku.

Baada ya kutengeneza, rudi kwenye ile picha uliyoinakili mwanzo. Kama kosa lilihifadhiwa kwa mizunguko 1,900, mzigo mkubwa na maji ya nyuzi joto 90, kuzunguka mtaa mmoja na injini ya baridi hakuthibitishi lolote. Lipashe moto, litafutie mlima, lishikilie kwenye mizunguko hiyohiyo, huku mwenzako akitazama kwenye skana kihesabio cha makosa ya kila silinda. Kikibaki sifuri mpaka mnafika juu, rudisheni zana.